SIKU YA KUTIA POSTA NA SIKU YA KUFIKA: IPI NDIYO SIKU?

(Yafuatayo ni maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu na waweka hazina wa matawi. Tunayachapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakujaaliwa kuhudhuria.)

Bwana Mwenyekiti, wazee wetu waheshimiwa, makatibu na waweka hazina wa matawi, mabibi na mabwana,



Nimetakiwa niseme nanyi juu ya hesabu za fedha za uchaguzi, na khasa juu ya jambo moja lililomo ndani yake: siku ya mwisho ya kupeleka hesabu hizo kwa njia ya posta. Najua kuwa mazungumzo ya namna hii hayachemshi damu. Lakini nakuombeni subira, kwani haki ya mtu yaweza kupotea kwa tarehe iliyoandikwa vibaya, bila ya yeyote kunyanyua sauti, na aliyepotelewa asijue hata ni nani wa kumlalamikia.

Nitaanza na langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana, nilikuwa mweka hazina wa chama kidogo cha ushirika. Tulitakiwa tupeleke hesabu zetu za mwaka kwa ofisi moja iliyo ng'ambo ya maji kabla ya mwezi kwisha. Nilizitia posta siku nane kabla, nikapewa stakabadhi, nikalala usingizi. Kusi likakaza, chombo kikalala bandarini, na barua yangu ikafika siku ya pili ya mwezi mpya. Tukatozwa faini. Nilipokwenda na stakabadhi yangu mkononi, karani aliitazama, akanirudishia, akasema: "Bwana, sisi hatuhesabu siku uliyoituma, twahesabu siku tuliyoipokea." Nikamwuliza: "Imeandikwa wapi?" Akanijibu: "Ndiyo desturi."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: sheria ikisema "hesabu ziletwe kabla ya siku fulani," inakusudia siku gani? Siku niliyoitoa mkononi mwangu, au siku iliyoingia mkononi mwake? Baina ya siku mbili hizo pana bahari, na mimi si mwenye amri juu ya bahari.

Nimechagua kukuelezeni mambo ya Marekani, kwa sababu wenzetu wa huko suala hili wamelishughulikia kwa maandishi, hatua baada ya hatua, na kila hatua imewekwa wazi asome mwenye kutaka.

Kwanza nikukumbusheni kwa nini hesabu hizo zinatakiwa. Mwaka 1910 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuvitaka vyama vitangaze fedha walizopokea na walizotumia katika uchaguzi wa Bunge, lakini baada ya uchaguzi kwisha. Haukupita muda wakaona kuwa hesabu inayotolewa baada ya kura ni dawa inayoletwa baada ya maziko. Mwaka 1911 wakairekebisha ili hesabu zitolewe na kabla ya kura pia. Hapo ndipo tarehe ilipopata uzito wake. Kwani mpiga kura anataka kujua ni nani aliyemlipia mgombea gari, mabango na karamu, na anataka kulijua hilo kabla ya kuingia katika chumba cha kura.

Na tarehe moja iliwahi kuonyesha nguvu zake. Sheria ya fedha za uchaguzi ya 1971 ilianza kutumika tarehe 7 Aprili 1972. Watu waliokuwa wakimfanyia kampeni Rais Nixon walikwenda mbio kukusanya fedha kabla ya siku hiyo, ili majina ya watoaji yasilazimike kutangazwa. Dola iliyotolewa tarehe 6 ilikuwa na pazia. Dola iliyotolewa tarehe 8 haikuwa nalo. Yaliyofuata mnayajua: kashfa ya Watergate, na Rais kujiuzulu Agosti 1974. Mwaka ule ule sheria ilitiwa nguvu na ikaundwa Tume ya Uchaguzi ya Shirikisho, yenye wajumbe sita, ambao hawaruhusiwi kuzidi watatu kutoka chama kimoja, na neno lenye uzito halipiti mpaka wanne wakubali. Na Mahkama ya Juu, katika hukumu yake ya 1976 katika kesi ya Buckley na Valeo, iliondoa mipaka ya matumizi ya wagombea, lakini wajibu wa kutangaza hesabu iliuacha usimame.

Sasa tazameni jinsi hesabu za siku zinavyokwenda. Kabla ya uchaguzi mkuu, kamati ya mgombea hufunga daftari siku ya 20 kabla ya kura, na taarifa yake lazima iwe imewasilishwa siku ya 12 kabla ya kura. Uchaguzi wa 2024 ulikuwa tarehe 5 Novemba. Basi daftari lilifungwa tarehe 16 Oktoba, na taarifa ilitakiwa tarehe 24 Oktoba. Mweka hazina alipewa siku nane za kujumlisha, kuhakiki na kutia sahihi. Lakini kwa mwenye kutumia posta, siku hazikuwa nane: barua yake ya rejesta ilitakiwa iwe na muhuri wa posta wa siku ya 15 kabla ya kura, yaani tarehe 21 Oktoba. Yeye alikuwa na siku tano tu. Siku tatu zilikatwa, zikapewa njia.

Hapo msikimbilie kusema kuwa ni dhulma. Siku tatu zile hazikuliwa na karani. Zimewekwa kwa ajili ya mpiga kura, ili karatasi iwahi kufika, isomwe, na itangazwe. Sheria yenyewe inaitaka Tume iziweke taarifa mbele ya macho ya watu katika muda wa saa 48 tangu kuzipokea. Na mchango wa dola 1,000 au zaidi unaoingia katika siku za mwisho kabla ya kura, khabari yake lazima ifike katika saa 48. Hapo muhuri wa posta haufai kitu, linalotazamwa ni kufika.

Ama kwa taarifa za kawaida, kama zile za kila miezi mitatu, sheria yao imefuata njia nyengine. Ukituma kwa rejesta, muhuri wa posta ndio siku yako. Hata kama barua itazunguka wiki nzima, wewe umekwisha kutimiza wajibu wako. Lakini ukituma kwa barua ya kawaida, yenye stempu tu, basi lazima iwe imefika kabla ya ofisi kufungwa siku ile ya mwisho. Na siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu, haisogezwi mbele. Wala Tume haina uwezo wa kumwongezea mtu muda, hata akija na machozi.

Fikra hii ya kuhesabu siku ya kutuma si mpya. Waingereza walikwisha kuiamua katika kesi ya Adams na Lindsell ya mwaka 1818. Wauzaji wa sufi waliwaandikia wanunuzi barua tarehe 2 Septemba 1817, lakini wakakosea anwani. Barua ilifika tarehe 5, na wanunuzi wakajibu siku ile ile kuwa wamekubali. Jawabu likafika tarehe 9, na wauzaji walikuwa wamekwisha kumwuzia mtu mwengine tarehe 8. Mahkama ikasema kuwa mkataba ulifungika pale jawabu lilipotiwa posta, kwani makosa ya ucheleweshaji hayakuwa ya wanunuzi. Angalieni uzuri wa hoja hiyo: kuchelewa ni mzigo wa yule aliyekusababisha, au wa yule aliyeweza kukuzuia.

Kisha mwaka 2001 yakatokea mambo ambayo hayakutazamiwa na mtunga sheria yeyote. Barua zenye vijidudu vya kimeta zilipelekwa kwa masenata mjini Washington na kwa watu wa magazeti. Watu watano wakafa, na miongoni mwao wafanyakazi wawili wa posta ya mji ule. Tangu hapo barua za kwenda ofisi za serikali mjini Washington zikawa hupelekwa kwanza kupigwa mionzi ya kuua vijidudu, na njia ikazidi kuwa ndefu. Nakuulizeni: mweka hazina wa kijiji cha Alaska aliyetuma barua yake kwa wakati, ana makosa gani katika hayo?

Bunge lao liliona kuwa mlango wa rejesta peke yake haukutosha. Januari 2004 lilipitisha sheria iliyoongeza milango mengine: barua za haraka za posta zenye uthibitisho wa kufika, na vifurushi vya makampuni ya usafirishaji wa usiku mmoja, ambavyo safari yake huweza kufuatiliwa. Hivyo navyo siku yake ikawa ni siku ya kukabidhiwa. Mwaka 2005 Tume ikazirekebisha kanuni zake ili zifuate sheria hiyo. Huo ni uadilifu, nami nausifu. Lakini angalieni vyema: kila mlango uliofunguliwa una ada yake. Barua ya stempu, ambayo ndiyo barua ya masikini, imebakia nje, yahesabiwa siku ya kufika.

Na pana jengine. Tangu Januari 2001, kamati zinazopokea au kutumia zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka zinalazimika kupeleka taarifa zao kwa mtandao wa kompyuta, si kwa karatasi. Taarifa ya mtandao huhesabiwa kuwa imewahi ikipokewa kabla ya usiku wa manane kwa saa za Washington, yaani mpaka saa sita kasoro dakika moja. Basi tajiri ana siku nzima na usiku wake. Na mnyonge mwenye karatasi yake, siku yake inakwisha ofisi inapofunga milango. Ni kweli kuwa hata kamati ndogo yaweza kwa khiari yake kutumia mtandao. Lakini khiari hiyo ina maana kwa mwenye mtambo na mwenye kuujua.

Tena lilikuwapo la ajabu zaidi. Wagombea wa Baraza la Seneti, ambao wengi wao ni watu wa mamilioni, waliendelea kupeleka makaratasi kwa Katibu wa Seneti mpaka mwaka 2018, ndipo sheria ilipobadilishwa, nao wakatakiwa wapeleke kwa Tume kwa njia ya mtandao. Kwa muda wa miaka kumi na saba kamati ya mgombea wa Baraza la Wawakilishi iliyovuka kiwango kile ililazimishwa haraka, na mgombea wa Seneti akaachiwa mwendo wa kobe. Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Waliokuwa wakiiwamba ngoma ile ni masenata wenyewe.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa visiwa, na mtu wa kisiwani hawezi kusoma khabari hizi asiwakumbuke visiwani wenzake. Marekani nayo ina visiwa: Hawaii, Guam, Samoa ya Marekani, Puerto Rico na vyenginevyo, navyo hupeleka watu wao katika Bunge la Washington. Mwezi wa Oktoba, ikiwa Washington ni saa sita kasoro dakika moja usiku, Honolulu ni saa kumi na mbili kasoro dakika moja jioni. Muda wa mweka hazina wa Hawaii unamalizika jioni, kabla ya usiku kuingia. Na huko Guam imekwisha kuwa saa nane kasoro dakika moja mchana wa siku ya pili. Yeye kwa kalenda yake amepata nusu siku zaidi. Saa ni moja, sheria ni moja, lakini siku si moja. Mimi silaumu kuwekwa saa ya Washington, kwani lazima iwepo saa moja inayojulikana. Nasema tu kuwa mwenye kuandika sheria katika mji mkuu ni wajibu wake akumbuke kuwa jua halichomozi kwa wote wakati mmoja, wala meli haifiki kwa wote siku moja.

Na anayechelewa hupata nini? Tangu mwaka 2000 Tume ina utaratibu wa faini. Faini hupimwa kwa wingi wa fedha zilizomo katika taarifa, kwa siku zilizopita, kwa makosa ya nyuma, na kwa ukaribu wa uchaguzi. Taarifa ya karibu na uchaguzi ikiwa haijaletwa mpaka zimebaki siku nne kabla ya kura, huhesabiwa kuwa haikuletwa kabisa. Nyengine zina siku 30. Mwaka 2007 Tume ilieleza udhuru gani unakubaliwa. Maafa na hali mbaya ya hewa ni udhuru. Kuharibika kwa mitambo ya Tume yenyewe ni udhuru. Lakini maradhi ya mweka hazina si udhuru. Ugeni wake katika kazi si udhuru. Kuharibika kwa kompyuta yake si udhuru. Na kusema "sikujua" ndiyo kabisa si udhuru. Tieni hilo akilini, enyi waweka hazina.

Sasa nafika pale ambapo moyo wangu umekaa. Katika Marekani, kwa sheria ya mwaka 1946, idara ya serikali inapotaka kuweka kanuni, kwa kawaida hulazimika kwanza iuchapishe mswada wake katika Gazeti Rasmi la Shirikisho, na iwaite watu watoe maoni yao kwa maandishi kabla ya kuukamilisha. Hakutakiwi wakili, wala hakutakiwi cheo. Mweka hazina wa kamati yenye dola mia tatu aweza kuandika ukurasa mmoja: "Mimi naishi mahali ambapo posta huja mara mbili kwa wiki; kanuni yenu itaniumiza kwa namna hii." Na ukurasa wake huwekwa pamoja na kurasa za matajiri na wanasheria wao. Si lazima akubaliwe, lakini amesikilizwa, na hawezi tena mtu kusema kuwa hakujua.

Na haja ya kusema haijesha. Mwaka 2025 Posta ya Marekani ilitangaza mswada wa kanuni, ikaita maoni, na kabla ya mwaka kumalizika ikauthibitisha: kuwa tarehe iliyomo katika muhuri si lazima iwe siku ambayo barua iliingia mikononi mwa Posta, kwani muhuri hupigwa na mashine za vituo vikubwa, na barua huenda ikalala njiani kabla ya kuifikia mashine. Anayetaka tarehe ya siku ile ile aende dirishani, aombe apigiwe muhuri kwa mkono, bila ya malipo. Basi tazameni jinsi mambo yanavyofungamana. Sheria ya uchaguzi imesema: siku yako ni muhuri wa posta. Posta nayo imesema: muhuri wangu si ushahidi wa siku yako. Mtu aliyeingiza bahasha yake katika sanduku la njiani na akaenda zake, kati ya kauli mbili hizo, ndiye anayeweza kupotelewa.

Lau ningeitwa mimi kutoa maoni, ningesema maneno manne. La kwanza, kila sheria inayotaja siku ya mwisho itaje na kitendo: kutuma au kupokewa, na kwa saa ya mji gani. La pili, kwa taarifa za kawaida, stakabadhi ya posta iwe ni ushahidi wa kutosha, hata kwa barua ya bei rahisi, maadamu inaonyesha tarehe. La tatu, na hili najua kuwa baadhi yenu halitakupendezeni, kwa taarifa za karibu na kura ihesabiwe siku ya kufika, pasiwe na huruma. Kwani pale anayengojea si karani. Anayengojea ni mpiga kura, naye siku yake ya kura haiongezwi. Nikichelewesha mimi hesabu zangu wiki ile, nimemnyima yeye kitu ambacho faini haiwezi kumrejeshea. La nne, wepesi wowote atakaopewa mkubwa apewe na mdogo, na haraka yoyote atakayotakiwa mdogo atakiwe na mkubwa.

Na sisi je? Katika Tanzania ipo Sheria ya Gharama za Uchaguzi tangu mwaka 2010, na hesabu zake ziko chini ya Msajili wa Vyama vya Siasa. Hatuwezi kumdai mwenziwe aliye madarakani atuonyeshe daftari lake ilhali letu limefungwa kwa kamba ndani ya kikapu. Nakuusieni, kila tawi liandike mchango siku unapoingia, hata ukiwa ni wa shilingi mia tano. Mwenye kupeleka hesabu apeleke kabla kusi halijakaza, na achukue stakabadhi, na stakabadhi aihifadhi kama anavyohifadhi hati ya shamba. Mali bila daftari hupotea bila khabari.

Na siku tutakapoitwa kutoa maoni juu ya kanuni yoyote, tusikae barazani tukaguna. Tuandike. Mwenye hati mbaya amwandikishe kijana. Mimi kijanani nililipa faini kwa desturi isiyoandikwa mahali popote, na sikumbuki kuwa nilipata kuandika hata mstari mmoja kuomba iandikwe. Kosa la karani nililijua siku ile ile. Kosa langu hilo limenichukua miaka kulijua. Asiyekuwapo na lake halipo.